Umri Usiojulikana: Mwongozo Kamili wa Kutathmini Umri wa Kijana Anayeomba Hifadhi

Ripoti za umri hurudishwa kwa makosa yaleyale. Moja imeandikwa "anaonekana mkubwa" bila kusema mkubwa kwa lipi. Nyingine ina picha ya eksirei iliyobandikwa juu ya mahojiano ya robo saa. Ya tatu ina uamuzi unaoweza hata kuwa sahihi, lakini kijana mwenyewe hakuwahi kuulizwa juu ya jambo lililofanya asiaminiwe.

Mwongozo huu ni wa maafisa wa watoto, maafisa ustawi wa jamii na wahudumu wa kesi walioko Kakuma, Kalobeyei, Dadaab na Nairobi. Wenzetu wa kambi za Nyarugusu na Nduta, Tanzania, nao utawafaa, ila sheria watazame za kwao. Kote huko mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18: Kenya kwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Watoto ya 2022, Tanzania Bara kwa Sheria ya Mtoto ya 2009.

Umri hausomwi usoni. Unajengwa kutokana na maisha ya mtu, mwaka hadi mwaka, mpaka miaka ishikane. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

## Vitu vya kuandaa kabla hujamwita

- Wahoji wawili. Mmoja anauliza, mwingine anaandika na kutazama. Mhoji wa peke yake husikia anachotaka kusikia, na hana wa kumpinga.
- Mkalimani asiye ndugu, jirani wala kiongozi wa bloku anakoishi kijana.
- Mtu mzima wa kumsindikiza, ambaye hana kura katika uamuzi. Kazi yake ni kuona kijana anaelewa, hachoki na haonewi.
- Karatasi zote zilizokwisha kuandikwa juu yake: usajili wa kwanza, kadi ya familia, kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo, ripoti ya shule, daftari la zahanati.
- Kalenda ya matukio ya kwao (tazama hatua ya tano).
- Mfumo wa shule wa nchi yake: shule ya msingi ina madarasa mangapi, muhula unaanza mwezi gani, mtihani wa taifa uko darasa gani.
- Maji, biskuti, na chumba ambacho watu hawapiti wakichungulia dirishani.

Kama hujapata mkalimani, ahirisha. Na usijidanganye kwamba kijana wa Kongo hamhitaji kwa kuwa "anaongea Kiswahili". Aliyekulia Masisi huenda nyumbani kwao ni Kinyarwanda, wa Fizi ni Kibembe, na Kiswahili chake cha sokoni hakitoshi kueleza mazishi ya baba. Tazama pia uhasama wa kule walikotoka. Kijana Mnuer aliyekimbia Juba hatafunguka mbele ya mkalimani Mdinka, hata kama mkalimani huyo ni mtu mwema kupita kiasi.

## Hatua ya 1: Hakikisha tathmini inahitajika

Tathmini ya umri hufanywa pale tu penye shaka nzito na ya kweli. Tarehe mbili zinazogongana kwenye mafaili ni sababu. Ndugu aliyesajiliwa kuwa mdogo lakini anakumbuka kuzaliwa kwa "mkubwa" wake ni sababu. Ndevu si sababu, wala sauti nzito.

Andika sababu yako kwa sentensi mbili kabla hujaendelea. Ukishindwa kuziandika, mkubali kwa umri anaousema, funga faili.

Shaka ina pande mbili, na upande wa pili husahaulika sana. Huku kwetu wengi hujiongezea umri. Mvulana anasema ana miaka 20 ili aruhusiwe kufanya kazi ya kubeba mizigo Eastleigh, Nairobi. Msichana anasema ana 19 kwa sababu aliyekuja naye, anayemwita mume, amemwambia aseme hivyo. Mhudumu makini kwa anayedai utoto lakini anayempitisha bila swali anayedai utu uzima ameifanya nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi.

Utajua umefanikiwa: mtu asiyeijua kesi akisoma sababu yako ataelewa shaka iko wapi.

## Hatua ya 2: Mpe ulinzi wa mtoto kabla ya jibu

Usimwache akisubiri kama mtu mzima "mpaka tujue". Anayesema ni mtoto achukuliwe kuwa mtoto hadi uamuzi utoke: apate mlezi, chakula, shule, na mtu anayejua amelala wapi usiku.

Onyo: usimlaze chumba kimoja na watoto wa miaka tisa. Ukikosea upande huo, wanaoumia ni wao. Familia ya malezi isiyo na watoto wadogo, au kikundi cha vijana wa miaka 16 na 17 kinachotembelewa kila siku, hutatua jambo hili bila kumwadhibu yeyote. Kwa msichana aliyeletwa na "mume", mtenganishe kwanza kwa sababu ya kawaida kabisa, mfano kipimo cha afya, ndipo mzungumze.

## Hatua ya 3: Soma karatasi, kisha uliza nani aliziandika

Ukiona tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, jua kwamba hapo pana mwaka wa kukadiria, na mwezi umewekwa ili fomu ikubali kuendelea. Familia nzima iliyozaliwa 1 Januari haina maajabu yoyote.

Kwa kila karatasi jiulize: nani aliandika, lini, kwa lugha gani, na habari ilitoka kwa nani? Tarehe iliyotolewa mpakani na shangazi aliyekuwa na watoto saba mkononi, wakiwa hawajala tangu jana, ina uzito mdogo kuliko kadi ya chanjo ya zahanati ya kijijini. Kadi ya chanjo huandikwa mtoto akiwa mchanga, na mwandishi wake hakuwa na sababu ya kudanganya. Ukiipata, uko karibu na mwisho wa kazi.

Usimhukumu kijana kwa kukosa karatasi. Aliyetoka nyumbani kwa risasi hakusimama kutafuta bahasha.

## Hatua ya 4: Mwandae

Mkutano wa kwanza usiwe wa maswali ya umri. Mweleze ninyi ni nani, kwa nini mnataka kujua, nani ataisoma ripoti, na kwamba anaweza kusema "sijui", "sikumbuki" au "nataka kupumzika" bila kupoteza chakula wala makazi. Kisha mwambie akueleze alichoelewa. Atakapokwama, ndipo hukueleza vizuri.

Mpime na mkalimani pia. Waache waongee dakika kumi kuhusu mpira au mapishi. Ukiona kijana anajibu kwa neno mojamoja huku akitazama sakafu, badilisha mkalimani kabla ya kuanza.

## Hatua ya 5: Mahojiano ya maisha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Panga vikao viwili au vitatu vifupi, visivyozidi saa moja na nusu kila kimoja, badala ya siku nzima ya kumkamua.

Swali "Ulizaliwa lini?" liulizwe mara moja tu, mwanzoni, na lifuatwe na jingine lenye faida zaidi: "Nani alikwambia?" Kijana anayejibu "mama alisema niko na 15 siku tulipovuka" amekupa umri, chanzo na tarehe ya kuanzia hesabu.

Baada ya hapo acha umri kabisa. Uliza ndugu zake kwa mpangilio, nani alizaliwa nani akiwa anatembea. Uliza shule, kazi za nyumbani, magonjwa, mazishi, kuhama. Uliza meno ya mbele yalimng'oka akiwa darasa gani, kwani kwa watoto wengi ni kati ya miaka sita na minane. Kisha funga kila jibu kwenye tukio ambalo tarehe yake inajulikana.

Kalenda ya kuanzia:

- Kivu na Ituri (mashariki mwa Kongo): waasi wa M23 kuingia Goma 20 Novemba 2012, Ebola ya Agosti 2018 hadi Juni 2020, volkano ya Nyiragongo jioni ya 22 Mei 2021, Goma kuanguka tena Januari 2025.
- Sudan Kusini: uhuru 9 Julai 2011, vita vya Juba 15 Desemba 2013, vita vya Juba tena Julai 2016.
- Burundi: maandamano na jaribio la mapinduzi, Aprili na Mei 2015, kifo cha Rais Nkurunziza 8 Juni 2020.
- Somalia: njaa ya 2011, mlipuko mkubwa wa Mogadishu 14 Oktoba 2017.
- Oromia (Ethiopia): kuuawa kwa mwanamuziki Hachalu Hundessa 29 Juni 2020.

Ongeza matukio ya kijijini: mafuriko, daraja kuvunjika, shule kuchomwa. Hayo wazee wa jamii yake watakusaidia kuyawekea tarehe, bila kuwatajia jina la kijana.

Kufungwa kwa shule kwa sababu ya Korona ni alama nzuri, lakini si kwa kila nchi. Uganda zilifungwa Machi 2020 na madarasa mengi yakarudi Januari 2022. Tanzania nyingi zilirudi mwishoni mwa Juni 2020. Burundi hazikufungwa. Mrundi akikwambia hakumbuki shule kufungwa akiwa kwao, anasema kweli, na mhoji asiyejua hilo ataandika "anakwepa maswali".

Tuchukue mfano. Kijana wa Goma anasema ana miaka 15. Ni Juni 2025.

"Siku volkano inatoka ulikuwa wapi?"

"Ku nyumba, tantine. Tulikimbia na godoro mpaka Sake."

"Shuleni ulikuwa darasa la ngapi wakati huo?"

"La nne. La pili nilirudia, mama hakukuwa na pesa ya minervali."

"Na meno ya mbele?"

"La kwanza. Mwalimu alikuwa ananicheka."

Majibu mafupi (minervali ni ada ya shule), hakuna hata moja lenye tarehe, na umri umeshapatikana.

Onyo: akianza kutetemeka, kunyamaza au kurudia sentensi moja, simama. Kumbukumbu ya mtu aliyeona mauaji haikai kwa mstari. Matukio hubadilishana nafasi, mengine hutoweka. Kukosea mwezi hakumfanyi mwongo. Vilevile, masimulizi yaliyonyooka mno yenye tarehe kamili kila mahali yanahitaji swali la upole: nani alikufundisha tarehe hizi?

## Hatua ya 6: Piga hesabu, upate kiwango na si namba moja

Kwa kijana wetu wa Goma: darasa la nne lilikuwa mwaka wa masomo 2020 hadi 2021. Rudi nyuma, ukihesabu la pili mara mbili, utafika darasa la kwanza Septemba 2016. Kawaida mtoto huanza akiwa na miaka sita. Mpe nafasi ya kuchelewa hadi minane, maana ada ilikuwa shida. Basi alizaliwa kati ya Septemba 2007 na Septemba 2010, na Juni 2025 ana umri wa kati ya miaka 14 na 17.

Tazama kilichotokea. Hatujui kama ana 15 au 16, na hatuhitaji kujua. Hata tukimpa uchelewaji wote, hajafika 18. Umri wake wa kujitajia umeangukia ndani ya kiwango, kwa hiyo unakubaliwa.

Mitego ya hesabu ni mitatu.

Kalenda ya Ethiopia. Iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi. Kijana akisema amezaliwa mwaka 2000 wa kwao, alizaliwa kati ya Septemba 2007 na Septemba 2008. Karani akiandika 2000 bila kubadili, mtoto wa miaka 17 anageuka mtu wa miaka 25 kwa kalamu tu, na kosa hilo litamfuata hadi kwenye kila ofisi. Kwa Mwethiopia yeyote, uliza: "Mwaka huo ni wa kalenda ipi?"

Mwaka wa Hijria, yaani wa Kiislamu. Ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11. Aliyehesabiwa miaka 18 kwa mfungo wa Ramadhani ana takriban miaka 17 na nusu.

"Naingia 18." Maana yake amemaliza 17. Mkalimani mwenye haraka huandika 18.

## Hatua ya 7: Mwili na tabia, kwa uzito mdogo

Andika unachokiona, usiandike unachokisia. "Ana makovu ya kuni mikononi" ni maelezo. "Ana mikono ya mtu mzima" ni hukumu. Jua, njaa, kuchunga ng'ombe na kulala nje huzeesha ngozi. Msichana aliyewalea wadogo zake watatu tangu mama afe atakaa kitini kama mama mwenye nyumba, na pengine ana miaka 14.

Njaa ya muda mrefu huchelewesha pia: kijana wa 18 anaweza kuwa na umbo la 15. Kwa hiyo mwili usitumike peke yake, kwenda juu wala kushuka chini. Mahakama ya Uingereza ililisema hili mwaka 2003 katika kesi ya Merton: isipokuwa jambo liko wazi kabisa, umri usiamuliwe kwa kutazama tu, na mtu apewe sababu na nafasi ya kujibu. Kesi hiyo haitufungi huku, lakini hoja yake ni nzuri popote.

## Hatua ya 8: Eksirei iwe ya mwisho, ikiwa lazima

Wakuu wengi hupenda eksirei kwa sababu inatoka na picha. Ukweli ni kwamba haitoi tarehe ya kuzaliwa. Atlasi ya mifupa ya mkono inayotumika sana, ya Greulich na Pyle, ilitengenezwa kwa picha za watoto wa Kizungu wa familia zenye uwezo mjini Cleveland, Marekani, wa miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940. Ilikusudiwa kumpima mtoto kama anakua vizuri, wala haikuwazia kijana wa Jonglei, Sudan Kusini, aliyekosa chakula misimu mitatu. Tofauti ya miaka miwili kila upande ni ya kawaida, na hapo ndipo penye mpaka wa 17 na 18 tunaougombania. Magego ya mwisho nayo huota kati ya miaka 17 na 21, au yasiote kabisa.

Mwaka 2017 kamati mbili za Umoja wa Mataifa, ya haki za mtoto na ya wafanyakazi wahamiaji, ziliyataka mataifa yajiepushe na vipimo vya mifupa na meno kwa kazi hii. Ukiamriwa kuvifanya, chukua ridhaa ya kijana kwa lugha yake, na uandike wazi kwamba akikataa hatahesabiwa ameficha kitu. Kukagua sehemu za siri ili kukisia umri ni marufuku, hata kama daktari yuko tayari.

## Hatua ya 9: Mwekee mbele yale yanayogongana

Kabla ya kuamua, rudi kwake na kila jambo linalokufanya usite, moja moja, kwa sauti ya kawaida. "Ulisema ulikuwa darasa la sita volkano ilipotoka, na juzi ulisema la nne. Nisaidie kuelewa." Kisha nyamaza. Umpe muda mrefu kuliko unavyoona raha.

Mara nyingi jibu lipo: alihamia shule nyingine akarudishwa nyuma, au mkalimani alisikia vibaya. Likikosekana, andika kwamba alipewa nafasi, na alichojibu, neno kwa neno. Ripoti isiyo na hatua hii ndiyo huanguka kwanza ikikatiwa rufaa.

## Hatua ya 10: Amua, uandike

Wahoji wawili wakubaliane. Wasipokubaliana, andikeni maoni yote mawili na kesi ipande kwa msimamizi. Shaka ikibaki baada ya haya yote, faida ya shaka ni ya kijana: achukuliwe kuwa mtoto.

Kiini cha ripoti kinaweza kusomeka hivi:

"Tumezingatia masimulizi ya kijana katika vikao vitatu, kadi ya familia na mpangilio wa shule ya msingi ya Kongo. Tunaona ana umri wa kati ya miaka 14 na 17. Umri anaoutaja, 15, uko ndani ya kiwango hiki na tunaukubali. Tarehe ya kuzaliwa ni makadirio. Jambo la kuhitilafiana kwa darasa alilokuwemo Mei 2021 tulimweleza, naye alijibu kuwa alihamia shule nyingine. Tumeliona jibu hilo kuwa la kuaminika."

Neno "makadirio" lisikosekane. Bila hilo, mwakani mtu atalisoma kama cheti.

## Hatua ya 11: Mwambie, urekebishe mafaili yote

Jibu litoke kwenu, uso kwa uso, mkalimani akiwepo, na msindikizaji wake pia. Mweleze uamuzi, sababu, na jinsi ya kuomba upitiwe upya. Akiwa ameamuliwa ni mtu mzima, usimwondoe alikokaa jioni hiyohiyo. Panga mahali pa kwenda kwanza, na uulize kama kuna hatari ya kujidhuru.

Kwa msichana aliyedai 19 na sasa amekadiriwa 15, mpango wa ulinzi uwe tayari kabla ya neno kumfikia yule mwanamume. Nchini Kenya Sheria ya Ndoa ya 2014 haimtambui mke wa chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaligeuza jambo hilo kuwa jinai. Maana yake kuna mtu mwenye sababu kubwa ya kumtorosha usiku.

Kisha fuatilia karatasi. Tarehe mpya iingie kwa idara ya wakimbizi ya serikali, kwenye faili la UNHCR, shuleni, zahanati na kwenye kadi ya chakula. Moja ikibaki na tarehe ya zamani, shaka itazuka tena kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu, na kijana ataulizwa yote upya.

Mwisho, fungua faili la ndugu zake. Ukimsogeza kaka kutoka 2007 hadi 2010 na dada anayemfuata yuko 2010 pia, huenda umeandikisha watoto wawili wa mama mmoja waliopishana miezi michache tu. Warekebishe pamoja, siku hiyohiyo, kabla hujarudisha faili kabatini.